Kutoka Daftari hadi Kompyuta: Jinsi ya Kuanzisha Rekodi za Kielektroniki za Wagonjwa katika Kituo cha Afya

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa vituo vya afya, makarani wa kumbukumbu, wauguzi na matabibu walioko Uganda ambao wameagizwa, au wameamua wenyewe, kwamba kituo chao kiache kutegemea madaftari peke yake. Nimekusudia hasa kituo cha ngazi ya tatu, yaani kile cha kaunti ndogo chenye huduma ya wagonjwa wa nje, maabara ndogo, wodi ya uzazi na kliniki ya VVU. Hapo ndipo wagonjwa wengi hupata rekodi yao ya kwanza, na hapo ndipo wanaoitunza rekodi hiyo ni wachache zaidi. Hospitali kubwa ya rufaa yaweza kuwa na watu wa kompyuta wa kudumu. Kituo cha kaunti ndogo mara nyingi kina karani mmoja na chumba kimoja chenye kufuli.

Infomatiki ya afya ni elimu ya kukusanya, kupanga, kuhifadhi na kutumia taarifa za afya ili mgonjwa atibiwe vyema na huduma zipangwe kwa ushahidi. Kompyuta ni chombo tu cha elimu hiyo. Daftari lililopigwa mistari kwa uangalifu, ambalo kila safu yake ina maana moja isiyobadilika, tayari ni kazi ya infomatiki, ilhali kompyuta iliyojaa majina yaliyorudiwarudiwa haistahili jina hilo. Nalisema jambo hili mapema kwa sababu miradi mingi ya aina hii huanza kwa kununua mashine, wakati swali la kwanza lingepaswa kuwa: mgonjwa huyu akirudi baada ya miezi sita, tutamjuaje?

Mifumo miwili isiyofaa kuchanganywa

Watumishi wengi wakiulizwa kama kituo chao kina mfumo wa kielektroniki hujibu kwamba wana DHIS2, na jibu hilo linahitaji kunyoshwa kidogo. DHIS2, ambayo huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ilisambazwa Uganda nzima mwaka 2012, nayo ndiyo inayopokea ripoti za vituo kwa ajili ya wilaya na Wizara ya Afya. Ingawa ina sehemu ya kufuatilia mtu mmoja mmoja, matumizi yake ya kawaida vituoni ni ya hesabu za jumla. Itakuambia ni watoto wangapi walio chini ya miaka 5 waliokutwa na malaria mwezi uliopita, lakini haitamwambia tabibu kwamba mtoto aliyepakatwa mbele yake alipewa dawa hiyo hiyo wiki mbili zilizopita.

Rekodi ya kielektroniki ya mgonjwa humshika mtu mmoja na kufuatana naye. Programu iliyoenea zaidi ya kazi hiyo katika ukanda wetu ni OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health, na ambayo mizizi yake iko Eldoret nchini Kenya, katika mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wenye VVU. UgandaEMR imejengwa juu ya OpenMRS, nayo imeota mizizi hasa katika kliniki za VVU, ambako mgonjwa hurudi maisha yake yote na ambako kupotea kwa historia yake huonekana mara moja. Zipo pia programu za biashara zilizotengenezwa nchini, kama ClinicMaster, zinazowafaa zaidi wanaotoza ada na kuandika risiti.

Kituo cha serikali kisijichagulie programu peke yake. Mtaalamu wa takwimu wa wilaya aulizwe kwanza ni mfumo upi ambao Wizara inaukubali, maana programu nzuri isiyoweza kutoa ripoti kwa muundo wa fomu za HMIS, yaani mfumo wa Wizara wa taarifa za afya, itawarudisha watumishi kwenye kuhesabu vijiti kila mwisho wa mwezi, na baada ya miezi michache hakuna atakayeifungua tena.

Tembea na mgonjwa kabla ya kugusa kompyuta

Chagueni siku ya kliniki yenye watu wengi. Mtu mmoja aambatane na mgonjwa, kwa ridhaa yake, tangu langoni hadi anapotoka na dawa, akiandika kila mahali ambapo jambo fulani linaandikwa, nani anayeandika, kwenye karatasi gani, na nani atakayeisoma baadaye. Picha itakayopatikana katika vituo vingi vya kwetu inafanana. Mgonjwa huja na kidaftari cha shule alichonunua dukani, ambacho ndicho faili lake halisi. Karani huandika jina, kijiji, umri na jinsia katika daftari la wagonjwa wa nje. Muuguzi hupima joto, uzito na mzingo wa mkono wa mtoto. Tabibu huandika malalamiko na vipimo anavyotaka. Maabara huandika matokeo katika daftari lake na tena katika kidaftari. Chumba cha dawa huandika kilichotolewa katika daftari jingine. Jina la mtu mmoja limeandikwa mara nne au tano, na kila mwandishi ameliandika alivyolisikia.

Zoezi hili hufichua mambo ambayo mkutano wa mezani hauwezi kuyafichua. Huonyesha taarifa zinazoandikwa bila kusomwa na mtu yeyote, na hizo zisihamishiwe kwenye kompyuta isipokuwa fomu ya HMIS inazidai. Huonyesha pia foleni inakokwama. Kuandikisha mgonjwa mpya kwa makini huchukua kama dakika 3, kwa hiyo karani mmoja huandikisha watu 20 kwa saa. Wakija watu 80 asubuhi moja na wote ni wapya katika mfumo, wa mwisho ataandikishwa baada ya saa nne, na lawama zote zitaiangukia kompyuta.

Ndiyo maana nashauri wagonjwa wa nje wasiwe wa kwanza. Anzeni na wale wanaorudi kwa tarehe zinazojulikana: kliniki ya VVU, wajawazito, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu. Orodha zao zipo, mafaili yao yapo, na kila mmoja anaweza kuandikishwa siku ya miadi yake bila mtu kukimbizwa. Baada ya miezi mitatu karani atakuwa amezoea kibodi, na hapo mlango wa wagonjwa wa nje utafunguliwa bila vurugu.

Mgonjwa mmoja, nambari moja

Hapa ndipo penye ugumu wote, na kituo kikipakosea hapa hakuna programu itakayokiokoa.

Chukua mama aliyetoka Kongo na anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Akiulizwa jina atajibu kwa adabu ya kwao, “Mimi ni Mama Neema.” Karani akiliandika hilo, amemwandikisha kwa jina la mtoto wake. Mama huyo huyo akija wiki nyingine na hati ya familia ataandikwa kwa jina lililomo katika hati, na akija kujifungua, mkunga ataandika jina la ubatizo likifuatwa na jina la mume. Sasa mfumo una wanawake watatu: wa kwanza ana matokeo ya damu, wa pili ameandikwa kuwa hapatani na penisilini, na wa tatu hana historia yoyote, naye ndiye aliyelala kitandani.

Matatizo ya namna hiyo hayako Nakivale tu, wala Kyangwali na Kyaka II. Kokote Uganda utakuta Okello James aliyekuwa James Okello mwezi uliopita, Mariamu aliyeandikwa Maliamu, na Kirabo aliyegeuka Kilabo kwa sababu karani wa zamu anatoka upande mwingine wa nchi. Katika miji ya mpakani kama Busia na Malaba, mtu mmoja aweza kuwa na kitambulisho cha Kenya, namba ya simu ya Uganda na jina la tatu analoitwa nyumbani.

Dawa yake ni utaratibu wa mlangoni ambao haubadiliki hata kuwe na haraka gani. Karani asianze kwa kuuliza jina. Aanze hivi: “Karibu, mama. Naomba kidaftari chako. Umewahi kutibiwa hapa, wewe au mtoto wako?” Ikiwa kidaftari kina nambari ya kituo, atafute kwa nambari, kisha amwombe mgonjwa ataje jina lake mwenyewe ili kulilinganisha na lililo kwenye skrini, asimsomee yeye jina na kungoja aitikie, kwani mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote. Ikiwa hakuna nambari, atafute kwa sehemu ya jina, herufi tatu au nne za mwanzo, akijaribu l na r, kisha athibitishe kwa kijiji, mwaka wa kuzaliwa, simu na jina la mama mzazi. Jina la mama mzazi husaidia sana kwa watoto, ambao hawana simu na ambao majina yao hubadilika kabla ya ubatizo au akika. Rekodi mpya ifunguliwe pale tu ambapo utafutaji huo umeshindikana.

Wengi huuliza kwa nini tusitumie nambari ya kitambulisho cha taifa, NIN, tukamaliza mjadala. Itumieni pale ilipo. Ina tarakimu na herufi 14, na kwa raia huanza na C, ikifuatwa na M kwa mwanamume au F kwa mwanamke, kisha tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Hivyo karani anayeona CF92 juu ya rekodi ya mwanamume wa miaka 50 anajua papo hapo kwamba kuna kosa. Lakini mtoto mchanga hana NIN mkononi, mkimbizi hana, mpita njia kutoka Kenya hana, na bibi aliyeletwa kwa boda boda akiwa amezimia hakukumbuka kuchukua kadi. Kituo kiwe na nambari yake chenyewe kwa kila mtu, na NIN ikae pembeni kama kitambulisho cha ziada.

Nambari hiyo ya kituo iwe na tarakimu ya ukaguzi mwishoni, yaani tarakimu inayofichua nambari iliyoandikwa vibaya, na programu kama OpenMRS huweza kuitengeneza yenyewe. Namna yake ni rahisi. Chukua 10473. Kuanzia kulia, zidisha kwa mbili tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano: 3 inakuwa 6, 4 inakuwa 8, na 1 inakuwa 2. Zile za katikati, 7 na 0, zinabaki zilivyo. Jumla ni 23, na ili kufikia 30, kumi kamili inayofuata, panahitajika 7. Kwa hiyo nambari kamili ya mgonjwa ni 10473-7. Karani aliyechoka akigeuza tarakimu mbili na kuandika 10743-7, kompyuta itafanya hesabu hiyo hiyo, ambapo 7 ikizidishwa huwa 14 na tarakimu zake hujumlishwa kuwa 5, itapata 17, itaona kwamba tarakimu ya mwisho ilipaswa kuwa 3, na itaikataa. Faili la mtu mwingine halitafunguka.

Kuhusu umri, msikubali mazoea ya kumwandikia Januari 1 kila asiyejua tarehe yake. Programu nyingi zina alama ya kuonyesha kwamba tarehe imekadiriwa. Iwekeni, ili anayesoma ajue. Kwa mtoto ulizeni kadi ya chanjo, kwa sababu kipimo cha dawa yake hutegemea uzito na miezi, na kosa la miezi minane kwa mchanga si dogo.

Hata hivyo rekodi pacha zitatokea. Mtu mmoja aliyefundishwa, na huyo peke yake, apewe ruhusa ya kuziunganisha, naye asiunganishe kwa kufanana kwa majina tu. Kurudisha nyuma rekodi zilizokwisha unganishwa ni kazi ngumu mno. Mtu mmoja mwenye rekodi mbili ni usumbufu. Watu wawili ndani ya rekodi moja ni hatari, kwani mmoja atapewa dawa kwa matokeo ya damu ya mwenzake.

Kinachotokea ndani ya programu

Anayetaka kuielewa OpenMRS, na hivyo UgandaEMR, ashike mpangilio wa ngazi nne. Juu kabisa yupo mgonjwa. Chini yake ipo ziara, yaani kuja kwake kituoni tangu anaingia hadi anaondoka. Ndani ya ziara yamo makutano ya huduma: kupimwa na muuguzi ni moja, kuonwa na tabibu ni jingine, maabara ni la tatu. Na ndani ya kila kutano zimo taarifa moja moja, kila moja ikiwa swali na jibu lake: joto, 38.6, kipimo cha haraka cha malaria, chanya. Mtumishi akielewa mpangilio huu ataacha kufungua ziara mpya kila mgonjwa anapohama chumba, jambo ambalo huongeza mahudhurio ya kituo mara tatu bila mtu kukusudia udanganyifu.

Kila swali na kila jibu lina nambari yake katika kamusi ya dhana. Katika kamusi ya CIEL, inayotumiwa sana na watumiaji wa OpenMRS, joto la mwili ni 5088, uzito ni 5089 na urefu ni 5090. Skrini inaweza kuandikwa kwa lugha yoyote. Kinachohifadhiwa ni nambari, na ndiyo maana uzito uliopimwa Arua unaweza kujumlishwa na uzito uliopimwa Kabale. Magonjwa nayo yana misimbo ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi, malaria iliyothibitishwa kuwa ya vimelea vya falciparum huanza na B50, na ile isiyobainishwa ni B54; toleo la kumi na moja lilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Tabibu hahitaji kukariri misimbo. Anachohitaji ni kuchagua ugonjwa katika orodha badala ya kuuandika kwa mkono, kwa kuwa kompyuta haijui kwamba “maleria”, “mal.” na “homa ya mbu” ni kitu kimoja.

Palipo na makosa, rekodi haifutwi. Katika OpenMRS taarifa iliyokosewa hubatilishwa, na mfumo hutunza nani aliyeibatilisha, lini na kwa sababu gani. Waelezeni watumishi jambo hili siku ya kwanza, wapunguze woga, na wengine wapunguze ujanja.

Kuhusu fomu za kujazwa, ushauri wangu ni mfupi: zipunguzeni. Kila mradi unaoingia kituoni huja na maswali yake kumi, na hakuna mradi unaoondoka na maswali yake.

Umeme, radi na nakala

Fanyeni hesabu ya umeme kabla ya kuagiza vifaa. Kompyuta ya mapajani inayotumia wati 45 kwa saa 8 hula wati-saa 360. Seva ndogo ya wati 15, yaani kompyuta inayotunza rekodi zote, inayowaka usiku na mchana hula 360 nyingine. Jumla ni 720 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa jina, lakini ikikamuliwa zaidi ya nusu huharibika upesi, kwa hiyo ya kutegemewa ni 600 tu. Betri moja haitoshi, ziwe mbili. Anayewaletea kompyuta za mezani zinazokula wati 150 kila moja mwambieni alete na mitambo ya jua ya kuziwasha.

Seva iwe ndani ya kituo, na vyumba viunganishwe nayo kwa waya au kwa mtandao wa ndani usio na waya, ili huduma isisimame bando linapoisha au mnara wa simu unapozimika. Intaneti ihitajike tu wakati wa kutuma ripoti na kupokea matokeo ya mbali. Nchi yetu ni miongoni mwa zinazopigwa sana na radi, kwa hiyo kinga ya radi na waya wa ardhini ni sehemu ya bajeti, na mvua ikianza kunguruma vifaa vichomolewe ukutani.

Nakala za akiba ziwe tatu: iliyo kwenye seva, iliyo kwenye diski ya nje inayofungiwa kabati jingine, na iliyo nje ya kituo, kwa mfano katika ofisi ya afya ya wilaya. Inayotoka nje lazima ifungwe kwa nywila. Kila robo mwaka nakala ijaribiwe kwa kurudishwa kwenye kompyuta nyingine na kufunguliwa rekodi chache. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado ni dhana tu.

Siri ya mgonjwa

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa za aina maalumu, na kanuni zake za mwaka 2021 zinawataka wanaokusanya data binafsi wajisajili katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Mgonjwa ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kuomba kirekebishwe, na data ikivuja Ofisi hiyo lazima ijulishwe mara moja. Kituo kibandike maelezo haya ukutani kwa lugha zinazosemwa pale.

Kwa vitendo, kila mtumishi awe na akaunti yake. Programu ya OpenMRS huja na nywila ya msimamizi inayojulikana dunia nzima, Admin123, na nimeona mifumo iliyokaa nayo miaka. Ibadilisheni kabla ya kuandikisha mtu wa kwanza. Karani wa mlangoni aone jina, kijiji na nambari, asione matokeo ya VVU. Skrini zigeuzwe zisitazame benchi la wanaosubiri. Katika kaunti ndogo ambako muuguzi, mgonjwa na jirani wanasali pamoja, siri haivunjwi na wadukuzi wa ng'ambo. Huvunjwa na mtu aliyepiga picha skrini kwa simu akaituma kwenye kundi la WhatsApp kuomba ushauri. Mkuu wa kituo alikataze jambo hilo kwa maandishi, na atoe njia nyingine ya kuomba ushauri, la sivyo katazo halitafuatwa. Mtumishi akihamishwa, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Kuanza, na kuacha kuandika mara mbili

Kuna njia mbili za kuingiza taarifa. Ya kwanza ni karani kunakili kutoka kwenye mafaili baada ya wagonjwa kuondoka. Ya pili ni kila mtumishi kuandika mwenyewe mbele ya mgonjwa. Vituo vingi huanza na ya kwanza kwa sababu haimsumbui tabibu, na kwa mwezi mmoja au miwili inakubalika. Ikiendelea zaidi ya hapo mfumo umekuwa kaburi la data, kwa kuwa onyo la dawa isiyopatana na mgonjwa linafika jioni, dawa ikiwa imekwisha mezwa. Hamieni ya pili chumba kimoja kimoja, mkianza na upimaji wa awali na maabara, na tabibu awe wa mwisho. Atakapokuja atayakuta matokeo ya maabara yakimngoja kwenye skrini, na hilo humshawishi kuliko semina.

Kidaftari cha mgonjwa kisipigwe marufuku. Ni mali yake, husafiri naye hadi kituo kingine ambacho hakina mfumo, na jalada lake ndilo mahali pazuri pa kubandika nambari yake. Rufaa ikitolewa, muhtasari uchapwe na kubandikwa ndani.

Wakati daftari na kompyuta vinatumika pamoja, linganisheni hesabu kila Ijumaa. Chukueni mambo matatu tu: waliohudhuria, waliopimwa malaria, na waliokutwa nayo. Waliokutwa nayo hawawezi kuzidi waliopimwa. Mwanamume hawezi kuwa na hudhurio la kwanza la ujauzito. Hudhurio jipya na la marudio zikijumlishwa lazima zilingane na waliopita mlangoni. Ripoti ya kila wiki ya magonjwa ya milipuko, HMIS 033b, ishughulikiwe kwa uzito huo huo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mubende Septemba 20, 2022 na kutangazwa kwisha Januari 11, 2023 uliwakumbusha wote kwamba vifo visivyoeleweka kijijini vinapaswa kuonekana katika takwimu mapema iwezekanavyo.

Ripoti ya mwezi ya wagonjwa wa nje, HMIS 105, inangojwa wilayani kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mwezi wa kwanza itayarisheni kwa mkono kutoka kwenye daftari, kisha itoeni kwenye mfumo na kuziweka pamoja mezani mbele ya watumishi wote. Hitilafu zikionekana, tumeni ya daftari, mtafute safu moja baada ya nyingine ni chumba gani kilichoruka wagonjwa au kuwahesabu mara mbili, na mrekebishe utaratibu wa chumba hicho kabla ya kurekebisha tarakimu. Ripoti mbili zikipatana kwa miezi mitatu mfululizo, mwandikieni Afisa wa Afya wa Wilaya kuomba ruhusa ya kuacha kunakili mara mbili, na msiache kabla ya kupata jibu lake kwa maandishi.